Mgaagaa na Upwa na Amana ya Bahari

Wahenga wetu walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Siku hizi methali hiyo hutumiwa kumsifu kila mtu mwenye jitihada, hata akiwa ni karani wa bara ambaye hajapata kuukanyaga mchanga wa bahari. Lakini aliyeitunga bila ya shaka alikuwa mtu wa pwani, naye alikuwa akisema jambo alilolijua kwa nyayo zake: anayezunguka ufuoni maji yanapokupwa hakosi kitoweo, na pengine hupata zaidi ya kitoweo.

Nami ni katika watu waliolelewa na methali hiyo kwa maana yake ya asili. Tulipokuwa watoto, kwenda pwani alfajiri baada ya usiku wa upepo ilikuwa ni kama kwenda sokoni bila ya kuchukua pesa. Bahari ilikuwa imekwisha panga bidhaa zake: ubao wa jahazi uliovunjika, kamba, boya la kioo, chupa yenye maandishi ya nchi za mbali, na kwa mwenye bahati kubwa, pande la ambari. Ambari hiyo ndiyo ile ile ambayo msafiri Al-Masudi aliiandika katika karne ya 10 alipozitaja bidhaa za nchi ya Zanji. Nyumba ngapi katika miji yetu zina mihimili iliyokuwa milingoti? Viti vingapi vimechongwa kwa mbao zilizowahi kuonja maji ya Basra na Bombay?

Lakini katika vitu hivyo vyote mna kimoja ambacho sisi watoto tulikipiga teke, nacho ndicho nitakachokizungumza leo. Nacho ni kigae, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, pamoja na jamii zake: shanga, sarafu zilizooza, misumari yenye kutu, na mawe yasiyokuwa ya kwetu. Vitu hivi ni mabaki ya vyombo vilivyozama na ya miji iliyokufa. Hivi sasa vinaokotwa kwa kasi, vinauzwa, na vinatoweka. Ndipo nikaona ni wajibu kuuliza: je, kinachotupwa na bahari ni cha nani?

PEPO ZILETAZO

Kwanza tufahamu kwa nini pwani yetu ina vitu hivi kwa wingi. Kwa muda wa zaidi ya miaka 1,000 vyombo kutoka Arabuni, Ghuba, Uajemi na Bara Hindi vilikuja kwetu na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, vikarudi na kusi. Nahodha aliyechelewa kuondoka alikutwa na kusi kali. Nahodha aliyekosea mlango wa kuingilia alipanda mwamba, kwa kuwa miamba ya matumbawe imeizunguka pwani yetu kama ua, na milango yake ni michache. Chombo kikishapasuka juu ya mwamba, vizito huzama hapo hapo, na vyepesi husukumwa na mawimbi hata ufuoni.

Tena si kila kigae kimetoka katika chombo kilichozama. Vingi vimetoka katika miji yetu ya kale iliyokuwa imejengwa ukingoni mwa maji, kama Manda na Shanga katika visiwa vya Lamu. Bahari inaula ukingo kidogo kidogo, na kila inapomega ardhi huangusha mchangani sahani iliyovunjwa na mwanamke fulani miaka 600 iliyopita.

Mwenye kujua pwani hachagui siku ovyo. Maji ya bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapo ndipo maji hupwa sana na kuufichua mchanga ambao siku nyingine haumwoni mtu. Kusi nayo huukwangua ufuo na kuuchukua mchanga wa juu. Kwa hiyo kusi inapopoa na matlai kuingia, na bamvua ikawa imewafikiana na asubuhi tulivu, mgaagaa na upwa huwa amepata siku yake.

KUSOMA KIGAE

Mtu asiyejua huona vigae vyote ni takataka moja. Lakini wataalamu wa mambo ya kale husoma kigae kama vile sisi tunavyosoma barua, na hata mtu wa kawaida anaweza kujifunza herufi zake za kwanza.

Kigae kizito, chenye udongo laini wa rangi ya manjano na mng'aro wa buluu au kijani kama jiwe la feruzi, mara nyingi ni cha mtungi uliotoka upande wa Iraki na Ghuba, baina ya karne ya 8 na ya 10. Mitungi hiyo ililetwa na mafuta au shira ya tende ndani yake. Kigae kilichochorwa kwa ncha ya chuma kabla ya kupakwa mng'aro ni cha Uajemi, karne ya 11 na 12. Kigae cha manjano chenye mistari myeusi kimetoka Yemen, na hukumu yake ni karne ya 14. Cha rangi ya kijani kilichopoa, mithili ya maji ya kina kirefu, na udongo wake ni mgumu wa kijivu, ni seladoni ya Uchina. Hizo zilifika kwetu sana tangu karne ya 13 hata ya 15. Kisha zikafuata zile sahani za sini, nyeupe zenye maua ya buluu, ambazo wakubwa wetu walizipanga katika vidaka vya kuta za nyumba na kuzijengea katika makaburi ya mnara, kama lile la Mambrui.

Vipo na vigae vya mabakuli yenye maua mekundu na ya kijani yaliyopigwa kama muhuri. Hivi watu wengi hudhani ni vya kale mno, kumbe vingi vimetoka katika viwanda vya Ulaya, hasa vya Maastricht huko Uholanzi na vya Uingereza, katika karne ya 19. Bibi zetu walivipenda mno katika karamu za arusi.

Nacho kipo kigae cha udongo mwekundu, kisicho na mng'aro, chenye vipembe vitatu vilivyochorwa shingoni mwa chungu. Hicho hakikutoka ng'ambo. Ni cha kwetu, kilifinyangwa na mikono ya wanawake wa pwani hii hii, na ndicho kinachopatikana kwa wingi kuliko vyote katika tabaka za chini kabisa za miji yetu. Nakitaja kwa kusudi. Watu hukipita wakikimbilia cha Uchina, ilhali hicho chekundu ndicho kinachoshuhudia kwamba mji ulikuwa na wenyewe kabla wageni hawajashusha nanga.

Mwokotaji mwerevu hutazama mawe pia. Jiwe letu la pwani ni la matumbawe, jeupe na lenye matundu. Ukiona ufuoni mawe meusi ya mviringo, mazito, yamekusanyika mahali pamoja, jua kwamba huenda ni farumi, yaani mawe yaliyowekwa tumboni mwa chombo ili kisipinduke. Chombo kimekwisha oza, mbao zimeliwa na wadudu wa baharini, lakini farumi yake imebaki kama alama ya kaburi. Na ukiuona ubao wenye safu ya matundu madogo ukingoni badala ya mashimo ya misumari, uangalie kwa heshima: huenda umetoka katika mtepe, chombo chetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, ambacho hakuna ajengaye tena kwa safari.

MZEE WA SIYU

Mwaka jana, katika mwisho wa kusi, nilikwenda kisiwa cha Pate, nikafuatana na mzee mmoja mvuvi wa Siyu hadi magofu ya Shanga. Tulifika maji yakiwa yamekupwa, na ufuo wote ulikuwa umetapakaa vigae kama makombo baada ya karamu. Nilimwuliza habari za Wachina, kwa sababu hakuna mgeni afikaye Pate asiyeuliza habari hizo.

“Mwanangu,” akasema, “sisi tulihadithiwa na wazee kwamba chombo cha Kichina kilipasuka mwambani huko nje. Watu wake wakaja juu, wakaomba kukaa. Wakaambiwa wakae, wakasilimu, wakaoa. Hayo ndiyo tuliyoyasikia. Wewe waliosoma wamekwambiaje?”

Nilimweleza niliyoyajua. Amiri wa merikebu za Uchina, Zheng He, ambaye mwenyewe alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu huko Yunnan, aliongoza safari 7 baina ya 1405 na 1433, na baadhi ya merikebu hizo zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Mwaka 2005 binti mmoja wa kisiwa cha Pate, aliyehesabiwa kuwa ni wa kizazi cha wale mabaharia, alipewa nafasi ya kwenda kusoma Uchina, na habari yake ikajaa magazetini ulimwengu mzima. Mwaka 2010, huko Mambrui, wachimbuzi wa Chuo Kikuu cha Peking wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya walipata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya zama za mfalme Yongle aliyetawala 1402 hadi 1424. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba sarafu nyingine ya namna hiyo imepatikana Manda. Wapiga mbizi nao waliitafuta merikebu yenyewe. Lakini hadi ninapoandika haya, hakuna chombo kilichothibitishwa kuwa ni cha Zheng He katika maji yetu.

Tena nikamwambia kwamba wako wasemao Shanga imepewa jina la Shanghai. Hilo ni zito kulikubali. Wachimbuzi walioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 walikuta kwamba Shanga ilikuwa na watu tangu karne ya 8, na chini ya msikiti wake wa mawe mlikuwa na misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo ikiwa ya miti na udongo. Watu waliuhama mji huo yapata 1425. Basi mji uliokuwa ukiswali kwa miaka 600 kabla ya Zheng He hauwezi kumngoja yeye aje aupe jina.

Mzee alicheka kidogo, akainama akaokota kigae cha seladoni, akakigeuza, akakirudisha pale pale alipokiokota. Nikamwuliza kwa nini hakukichukua. Akajibu: “Nikikichukua nyumbani kitakuwa kigae. Hapa ni ushahidi. Ikiwa wajukuu wangu watataka kujua kama wazee walisema kweli, watakuja kuuliza hapa. Sasa wakija wakikuta mchanga mtupu, watamwuliza nani?”

Wasomaji wangu, nimewasikia wataalamu wakilieleza jambo hilo kwa maneno mengi, na sijamsikia aliyelieleza vizuri zaidi ya mzee yule.

VYOMBO VIWILI

Kwa hakika thamani ya kitu cha kale imo katika mahali kilipolala na katika jirani zake. Tutazame mifano miwili ya vyombo vilivyozama kwetu.

Wa kwanza ni wa Mombasa. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman, pamoja na wenyeji waliochoka na utawala wa Wareno, yaliizingira Ngome ya Yesu. Mwaka uliofuata manowari ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyojengwa Bassein katika Bara Hindi, ilikuja kuwaokoa waliokuwamo. Kamba zake za nanga zikakatika, ikasukumwa ikapwelewa na kupoteza usukani, na mnamo Oktoba 1697 ikazama chini ya kuta za ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, na hiki kiliikamilisha methali herufi kwa herufi. Ngome yenyewe iliangukia mikononi mwa Waomani mwezi wa Desemba 1698.

Wapiga mbizi waliiona manowari hiyo katika miaka ya 1960, na kuanzia 1977 hadi 1980 ikachimbuliwa kwa utaratibu chini ya uongozi wa Robin Piercy. Kila kitu kilipimwa na kuchorwa kabla ya kuinuliwa. Ndiyo maana mtu akiingia leo katika makumbusho ya Ngome ya Yesu na kuona sahani za sini, makasiki makubwa na vifaa vya mabaharia, anaweza kuelezwa watu wale walikula katika nini na walihifadhi maji yao katika nini walipokuwa wakipigania roho zao. Gogo la chombo lenyewe liliachwa chini, likafunikwa mchanga, kwa kuwa huko ndiko linakodumu.

Mfano wa pili ni wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Huko kumelala mabaki ya chombo cha Kireno cha karne ya 16, na tangu 2013 Makumbusho ya Taifa yamekuwa yakiyachunguza chini ya mtaalamu wao wa mambo ya kale ya baharini, Caesar Bita. Humo zimepatikana pembe za ndovu na vipande vya shaba. Mwaka 2024 Bita na mwenzake Filipe Castro waliandika kwamba huenda chombo hicho ni São Jorge, kimojawapo cha msafara wa mwisho wa Vasco da Gama, kilichopotea 1524. Wao wenyewe wamesema huenda, na uchunguzi zaidi ndio utakaokata shauri. Sasa hebu fikirini: kama shaba ile ingaliokotwa na kuyeyushwa kwa bei ya chuma chakavu, na pembe zile zikauzwa moja moja, leo hata hilo “huenda” lisingalikuwapo. Tungalikuwa na mawe na mchanga.

BEI YA SAHANI

La kusikitisha ni kwamba hivyo ndivyo inavyotendeka katika sehemu nyingi za pwani. Namjua kijana mmoja, mwana wa jirani yangu, aliyepata katika mchanga bakuli la kijani likiwa zima isipokuwa limepasuka ukingo. Akatokea mnunuzi, akampa pesa zisizotosha gunia la mchele, akaenda zake. Kijana hakumwuliza jina, wala mnunuzi hakuuliza bakuli lilipolala. Liko wapi leo? Pengine katika kabati la mtu Ulaya, na mwenye kabati hawezi kumwambia mgeni wake lolote ila kwamba ni la zamani.

Nilipomlaumu kijana yule alinijibu jawabu ambalo sitaki kulificha. Alisema: “Bwana, ningalilipeleka serikalini ningalipewa nini? Risiti? Watoto hawali risiti.” Maneno haya yana uzito. Mvuvi ambaye nyavu zake zimerudi tupu hawezi kulishwa kwa hotuba za turathi. Tukitaka asiuze, ni lazima aone kwamba kutouza kuna heshima na kuna faida. Kwa maoni yangu, kila kitu kilichosalimishwa kiandikwe jina la aliyekiokota na la kijiji chake pale kinapowekwa, na kadiri iwezekanavyo kionyeshwe karibu na kilipopatikana, ili mgeni atakaye kukiona afike huko, apande mashua ya huko na ale chakula cha huko. Kijana wa Pate akiwa ni mwongozaji wa wageni mwenye kujua kusoma vigae, atapata kila mwaka zaidi ya alichopata mwenzake kwa bakuli moja.

Tena liko jambo ambalo wauzaji hawalijui. Ubao uliokaa baharini karne nyingi umejaa maji badala ya nyama yake. Ukiutoa ukauanika juani, hujikunja na kupasuka hata ukawa kuni. Chuma kilichofunikwa na gamba la chumvi na mchanga hubomoka kikikauka. Wataalamu huviweka vitu hivyo katika maji na dawa kwa miezi, na mbao kwa miaka, kabla ya kuthubutu kuvikausha. Kwa hiyo anayechomoa ubao wa chombo cha kale ili aupambe barazani huwa anaua kitu kilichokuwa kimesalimika tangu zama za babu wa babu zake.

DINI INASEMAJE

Mimi si mwanachuoni, na mwenye haja ya fatwa awaendee masheikh wetu. Lakini yako mambo tuliyosomeshwa sote chuoni, na yanafaa kukumbushwa.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alihadithia kisa cha mtu wa Bani Israili aliyekopa dinari 1,000 kwa ahadi. Siku ya ahadi ilipofika hakupata chombo cha kuvukia, akatoboa gogo, akazitia dinari pamoja na barua, akalitupa baharini akimtegemea Mwenyezi Mungu. Aliyekopesha akatoka pwani kutazama kama pana chombo kinachokuja, akaliona gogo, akalichukua kwa ajili ya kuni za nyumbani, na alipolipasua akaikuta mali yake. Kisa hicho kimewekwa katika mlango wa vitu vitokavyo baharini. Humo humo imetajwa kauli ya Ibn Abbas kwamba ambari si hazina ya kale ya kutolewa sehemu ya tano, bali ni kitu kilichosukumwa na bahari.

Kwa hiyo zamani sana wanavyuoni walikwisha pambanua. Kuna kilichoumbwa na bahari yenyewe, kama ambari na lulu. Kuna rikazi, hazina iliyozikwa na watu wa zama za ujahili, na hiyo ina sehemu ya tano. Na kuna lukata, yaani mali iliyompotea mwenyewe, ambayo mwokotaji ameamrishwa kukijua chombo chake na kamba yake, kisha aitangaze mwaka mzima kabla ya kuitumia. Ninachokiona mimi katika hukumu hizo, nikiwa mtu wa kawaida, ni kwamba kuokota hakumfanyi mtu kuwa mwenyewe mara moja. Kwanza ni kujua alama za kitu, kisha ni kukitangaza. Na mwenye kutangaza alichookota hawezi kukiuza usiku kwa mtu asiyemjua jina.

Jambo la pili ni kwamba chombo kilichozama na watu wake ni kaburi. Tumesomeshwa kwamba aliyekufa kwa kuzama yumo katika mashahidi. Mabaharia wangapi wa Sur, wa Kachi, wa Lamu na wa Mombasa wamelala chini ya miamba yetu bila ya sanda wala mwadhini? Hatuwezi kuwatambua majina yao. Lakini tukikuta pahala chombo kilipolala, adabu inatutaka tuwape salamu kabla ya kunyosha mkono.

AFANYE NINI MWOKOTAJI

Sheria ya nchi nayo imeyasema yake. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Anayegundua kitu cha namna hiyo hutakiwa kuarifu Makumbusho katika muda wa siku 7 na kueleza mahali hasa alipokikuta. Kuchimba bila ya kibali na kukitoa nchini bila ya ruhusa ni makosa.

Kwa watu wa kawaida nashauri hivi. Ukikiona kitu pwani, kwanza kiache kilipo. Kipige picha na simu yako, kisha piga picha nyingine ya mbali inayoonyesha mti, gofu au mwamba ulio karibu, ili pahala pajulikane. Andika tarehe na hali ya maji. Kama mawimbi yako karibu kukichukua, kitie ndani ya ndoo ya maji yale yale ya bahari, usikikaushe wala usikikwangue gamba. Kisha peleka habari Ngome ya Yesu, Makumbusho ya Lamu, au ofisi ya Makumbusho iliyo karibu nawe, nawe uombe kuandikiwa jina lako. Nyavu ikinasa kitu kizito chini, mvuvi akumbuke alama za pahala hapo kama akumbukavyo alama za samaki wake. Wavuvi ndio waijuao bahari kuliko mtaalamu yeyote, na bila ya macho yao hakuna makumbusho yatakayojua pa kutazama.

Walimu wa vyuo na wa skuli wanaweza kuwatoa watoto siku moja ya bamvua, wakawafundisha kutenganisha seladoni na sini, na sini na bakuli la Maastricht, kisha wakaviacha vigae mchangani. Wazee nao wasichoke kuhadithia, kwa kuwa kigae bila ya hadithi ni bubu, na hadithi bila ya kigae huja ikakanushwa na wasiotutakia mema, wale wanaopenda kusema kwamba pwani hii haikuwa na mji wala maandishi mpaka wengine walipotuletea. Mwacha asili ni mtumwa.

Bahari bado inatoa. Mwaka huu kusi itapiga, ukingo wa Shanga na wa Manda utamegeka tena, na vitu vitaanguka mchangani ambavyo havijaonwa na jicho la binadamu tangu siku vilipovunjika. Ni sisi tutakaofika pale kwanza, au ni mnunuzi.